Mke Wangu Ni Bingwa wa Softboli, Lakini Litein Nzima Inamngoja Kwenye Mbio

Kwako Mama Janefer, mshauri wetu,

Pokea salamu kutoka Litein ambako mvua imeanza vizuri na majani chai yanachipuka, nami nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi na shida ambayo sijui niipeleke wapi, na zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja, yaani mke wangu, ambaye tangu nimuoe Desemba sijalala hata siku moja bila kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Hapa nitamwita Rodah, na jina langu nakuomba ulifiche kabisa, kwa kuwa yeye ni msomaji wa gazeti lenu, ingawa huanza na ukurasa wa mwisho, mambo ya michezo, akitafuta kama mmeandika habari za softboli, hajawahi kuzipata, halafu anarudi akisoma kinyumenyume mpaka achoke.

Niruhusu kwanza nikueleze yeye ni nani, maana bila hilo hutaelewa. Softboli ni mchezo ambao mtu mmoja anarusha mpira na mwingine anasimama na fimbo nene akijaribu kuugonga, na akiugonga anakimbia mpaka kituo cha kwanza, ambacho si mbali, ni kama kutoka nyumba yetu hadi zizi la ng'ombe. Rodah ndiye mrushaji. Anaurusha kutoka chini, mkono wake unazunguka duara nzima kama wa mtu anayewasha trekta la zamani, na mpira ukishatoka pale huuoni, unausikia tu. Alifundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuja katika shule yao ya wasichana upande wa Sotik, na mwalimu huyo alipowatupia mpira mara ya kwanza aliuliza mbona vidole vyenu ni vyepesi hivi, wakamcheka, kwa sababu mtoto aliyekua akichuma majani kwa mikono miwili na kuyatupa juu ya bega ndani ya kikapu bila kugeuka haoni ajabu kutupa kitu na kikafika. Kutoka hapo akaenda chuo cha ualimu, wakashinda michezo ya vyuo, kisha chuo kimoja cha Amerika kikampa masomo ya bure ili awarushie, na mwaka wake wa tatu huko alirusha mechi moja toka mwanzo mpaka mwisho bila msichana hata mmoja wa upande wa pili kuugonga ule mpira na kufika kituo, wakambeba juu juu uwanjani, na yeye ananiambia alipokuwa kule juu aliangalia chini katika ule umati akitafuta sura moja ya nyumbani, akakosa. Nikifika hapo mimi hulia, Mama, na hata sasa nimeweka kalamu chini kidogo.

Baada ya chuo akachukuliwa na timu ya kulipwa, amecheza misimu miwili, wamechapisha kadi zenye picha yake ambazo watoto wa kule wanabadilishana, na mwezi wa tano anarudi kwa msimu wa tatu, tumekubaliana na baraka zangu zote anazo. Tulikutana mwaka juzi alipokuja likizo, kwenye arusi ya binamu yake, ambapo kuna mtu aliyeitisha funguo za gari, na Rodah akazirusha kutoka mlango wa kanisa, zikapita juu ya vichwa vya kwaya yote, zikatua mkononi mwa mwenyewe ambaye hata hakuwa ameunyoosha vizuri. Nilisema moyoni, huyu ndiye.

Sasa shida ilianza na ile kadi. Mimi huiweka ndani ya Biblia yangu, na kabla ya arusi nilimwonyesha baba yangu, Mzee Isaiah, ambaye ni mtu wa heshima hapa na ujana wake alijulikana kwa kurusha rungu, kuna fisi aliyempiga kutoka ng'ambo ya mto, na kila Krismasi tukisimuliwa mto huo unakuwa mpana zaidi. Katika ile picha Rodah ametanguliza mguu, kifua mbele, mkono juu, uso umekaza, nambari kumi na saba kifuani, na mpira umeshaondoka kwa hivyo hauonekani. Mzee akaishika mbali na macho, akaitazama sana, akasema, "Hapa anavuka utepe."

Nikakohoa.

"Hii ni ya mita ngapi?"

Nikamjibu, "Hiyo ni Amerika, Baba," jibu ambalo si uongo na pia si jibu. Na wewe unajua, Mama, katika sehemu zetu ukisema msichana amepelekwa Amerika kwa ajili ya michezo hakuna anayeuliza ni mchezo gani.

Nilikuwa nimepanga kumweleza vizuri baada ya arusi, lakini siku yenyewe ikafika, na unajua desturi yetu, bibi arusi akifika langoni haingii hivi hivi, anasimama kama mti mpaka aahidiwe mali. Rodah akasimama. Alikuwa amevikwa sinendet shingoni, ule mmea mtambaazi wa kijani ambao huku tunawavisha maarusi na washindi, macho chini, mzuri mpaka nikasahau nafaa kusimama wapi. Shangazi yangu akaahidi mbuzi, hakusogea. Mama akaahidi sufuria zake kubwa, hakusogea. Ndipo Mzee akajitokeza mbele ya watu wote na kusema kwa sauti, "Ingia, binti yangu, nakupa mtamba wangu mweusi, kwa sababu ya miguu yako iliyoshinda Amerika, na Pasaka tutawaonyesha watu wa Chepilat!" Watu wakapiga vigelegele, Rodah akainua mguu, huo huo uliosifiwa, akaingia. Mimi nilinyamaza, kwa maana hakuna mtoto anayemsahihisha baba yake langoni bibi arusi akiwa ameinua mguu. Baadaye Rodah akaniambia, "Baba yako ana maneno matamu, hata miguu yangu ameipenda."

Hayo ya Pasaka ni haya. Kila Jumatatu ya Pasaka kunakuwa na michezo kati ya upande wetu na majirani wa Chepilat, ng'ambo ya mpaka, na kubwa kuliko zote ni mbio za akina mama za kilomita kumi, ambazo tangu zianze zinachukuliwa na binti ya Gichana wa kule, na Mzee hajawahi kupona. Sasa mke wangu ameshaandikishwa. Yeye mwenyewe hajui. Alienda kwa naibu wa chifu kuomba apewe kona ya uwanja siku hiyo awaonyeshe wasichana softboli kabla hajaondoka, na naibu wa chifu akamwambia, "Mama, hiyo siku yote ni yako." Wiki jana wakachora uwanja kwa chokaa, Mzee mwenyewe akisimamia, na Rodah akarudi nyumbani akikimbia, umbali ambao anauweza, akinipigia makofi, "Wamenichorea mistari!"

Watu hawanipi nafasi ya kupumua. Mimi ni karani katika kituo cha kununua majani, na kila siku Kipsang, anayepakia magunia kwenye lori, ananiuliza mbele ya wachumaji, "Karani, bibi amefanya mazoezi leo?"

"Amefanya."

"Kilomita ngapi?"

"Hakuhesabu."

"Aii! Hao ndio wabaya," anawaambia wachumaji. "Wale hawahesabu."

Nyanya yangu anampaka miguu samli kila Jumapili na kumwambia, "Mjukuu wangu, umenenepa kidogo, lakini usiogope, nyama ya arusi hutoka kwa mlima." Akina mama wanampelekea maziwa lala kwa vibuyu. Na mazoezi yake ya kweli ni asubuhi nyuma ya zizi, mimi nimepiga magoti na glavu mkononi, yeye ananirushia, mkono wangu wa kushoto umevimba kama andazi lakini ni raha, Mama, ni raha sana kupiga magoti mbele ya mwanamke wa namna hiyo kila asubuhi. Mzee aliuliza ni mlio gani ule, nikamwambia tunapigilia misumari.

Nilifikiria nimfundishe kukimbia, kwa kuwa bado kuna wiki tatu. Nikamwambia, mpenzi, hebu twende mbio mpaka kisimani na kurudi. Akaniuliza, "Kwani nani anatufukuza?"

Lakini kinachonikata maini ni jambo lingine. Juzi alikuwa anakunywa yale maziwa, akaweka kibuyu chini, akasema, "Unajua, miaka yote kule nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba nyumbani hakuna anayejua ninachofanya. Nilikuwa nasema uongo. Kumbe mnajua. Kumbe mlikuwa mnanifuatilia." Na machozi yakamtoka, ya furaha, akanishika huo mkono uliovimba.

Sasa nifanye nini? Nikisema ukweli nitamwaibisha Mzee ambaye ametangaza mpaka sokoni, na pengine ataona mtamba wake ameliwa bure, na nitamnyang'anya mke wangu furaha aliyoingoja miaka yote. Nikinyamaza, siku ya Pasaka jina lake litaitwa kwa kipaza sauti, ataambiwa asimame kwenye mstari na binti ya Gichana, na hapo mbele ya watu wote atajua kwamba katika Litein nzima hakuna anayejua yeye ni nani. Nisaidie Mama, nampenda mpaka kalamu inateleza.

Ni mimi, Mume Mwenye Raha na Hofu, Litein.

MAMA JANEFER ANAJIBU

Mume Mwenye Raha na Hofu,

Hongera kwa arusi. Raha yako nimeiona. Imejaza karatasi mbele na nyuma. Hofu umeiwekea nafasi ndogo mwishoni, na hapo ndipo ulipaswa kuanzia.

Kwanza hilo la kumfundisha kukimbia liondoe kichwani leo. Mwanamke ametumia ujana wake wote kujenga bega, halafu umpe wiki tatu ajenge mapafu, kwa sababu bwana yake aliona haya kusema sentensi moja? Aliyekuuliza ni nani anawafukuza ana akili, na ningekuwa wewe ningemsikiliza zaidi.

Pili, mambo ya langoni. Hapo sikulaumu. Ningekuwa shangazi yako ningekukanyaga kama ungefungua mdomo. Lakini arusi iliisha, bwana. Watu walikula, wakaosha sufuria, wakaenda makwao. Januari ilikuwa na siku nyingi. Februari nayo haikuwa fupi kiasi hicho. Ulikuwa na baba yako zizini, ukamwambia mnapigilia misumari. Misumari ya miezi mitatu? Hiyo nyumba ingekuwa ghorofa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo umejidanganya. Unasema unaogopa kumnyang'anya furaha. Ipi? Yale maziwa lala ni ya mkimbiaji fulani ambaye hajazaliwa. Ile samli ni ya miguu ya mtu mwingine. Mke wako anaandaliwa karamu ya mgeni asiyemjua, na wewe umeketi naye mezani unampitishia chumvi. Halafu angalia ulichoniandikia mwenyewe, ukaweka na kalamu chini ulie. Siku wenzake walipombeba juu, alitafuta sura moja ya nyumbani. Hakutafuta Litein yote. Hakumtafuta naibu wa chifu. Sura moja. Hiyo sura ni yako, anayo kila asubuhi, na wewe umeificha nyuma ya glavu.

Kwa hivyo unamwambia, na unamwambia yeye kwanza kabla ya Mzee. Mahali pa kumwambia panajulikana. Asubuhi, nyuma ya zizi, ukiwa umeshapiga magoti, kwa sababu magoti tayari unayo. Usianze na mtamba, usianze na Chepilat. Anza na kadi, mwambie Mzee aliona nini na wewe ulijibu nini, maneno yale yale, hata lile la "hiyo ni Amerika." Usivue glavu mpaka amalize kukujibu. Atakasirika, na ana haki, na ana mkono. Vumilia.

Halafu Mzee. Unamwogopea bure. Mimi nilizaliwa Chepilat, na niruhusu nikwambie jambo ambalo watu wa upande wenu mmeanza kusahau. Hizi sifa zenu za mbio zimekuja juzi. Sisi tuliokaa ng'ambo yenu tuliwajua kwa mambo mengine. Babu yangu alikuwa na kovu juu ya sikio, kubwa, la kuingia kidole, na tukimuuliza, hakusema hata siku moja, "Walinikimbiza." Alikuwa anasema, "Walinirushia."

Baba yako ni mtu wa kurusha. Unaishi na mzee aliyempiga fisi kutoka ng'ambo ya mto, mto wenyewe unajaa kila Krismasi, na unamwogopa kumwambia kwamba umemletea binti anayerusha? Hakuna mtu katika wilaya nzima angefurahi kuliko yeye. Ulimficha habari njema, ukampa habari ya kawaida, kwa maana wakimbiaji huko kwenu ni wengi kama miti ya chai.

Usimwambie alikosea. Mzee hakosei, picha ndiyo haikuonyesha kila kitu. Mwekee kigoda nyuma ya zizi. Weka mkebe mtupu juu ya nguzo, mbali, pale Rodah anapozoea kulenga. Mwombe Mzee atangulie na rungu lake, kwa heshima ya umri. Akipata au akikosa, usiseme neno. Kisha Rodah arushe, na wewe ukae kando, tafadhali, usimsifu, umesifu vya kutosha. Mkebe ukishaanguka mpe ile kadi tena, mwambie, "Baba, angalia mkono, hapa kitu kimetoka sasa hivi." Kisha nyamaza, hiyo kazi unaiweza.

Atakayekwenda kwa naibu wa chifu kubadilisha mambo ni Mzee mwenyewe, na ataenda haraka kuliko wewe ungeenda. Mistari ya chokaa ipo, waongeze mingine. Wasichana wanaochuma majani wapo. Rodah atapata kona yake, na safari hii watu watakuja kumtazama yeye. Na yule mtamba ni wake. Ahadi ya langoni ni ya kuingia, na mke wako aliingia. Hakuna mahali palipoandikwa aingie akikimbia.

Kuhusu mbio za kilomita kumi, tafuteni mtu mwingine. Mtashindwa, lakini tafuteni. Binti ya Gichana ni mpwa wangu. Tangu asikie kuna mtu ametoka Amerika, anakimbia kutoka Chepilat hadi Sotik na kurudi kila asubuhi, na hajawahi kuwa mwepesi namna hii. Huyo nitamwambia mimi mwenyewe, baada ya Pasaka. Gazeti hasomi, hana nafasi.

Neno la mwisho. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na jina la mke wako nimeliacha hilo ulilobuni. Lakini ndugu yangu, jiulize, warushaji wa softboli waliorudi Litein kutoka Amerika wakaolewa Desemba na karani wa majani ni wangapi? Gazeti hili hufika kwenu Ijumaa na basi la mchana. Mke wako huanza kusoma nyuma. Michezo ni kurasa nne, na mimi niko ukurasa wa tano kutoka nyuma. Habari za softboli hamna humo, nimekuangalilia. Atafungua haraka.